Altezza RS200 kutetemeka na kukosa nguvu

Mkuu, kwa dalili ulizotaja (Altezza RS200 ya 1999, inatetemeka ukisimama kwenye foleni, ukikanyaga mafuta inakohoa, taa ya injini inapepesa), usikubali kuuziwa injini nyingine. Huyo fundi wako anayekwambia ubadilishe injini ana haraka.

Hiyo injini yake, 3S-GE, ina koili nne (zinazopeleka umeme wa cheche), moja juu ya kila plagi. Injini ikiunguruma, chomoa soketi ya koili moja moja. Ukichomoa na mtetemo usibadilike, silinda hiyo ndiyo haifanyi kazi. Zima gari, hamishia koili yake silinda ya jirani, rudia. Tatizo likihama nayo, koili imekufa. Likibaki palepale, toa plagi umulike shimo lake: mimi yangu niliikuta inaogelea kwenye oili, mpira wa tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) umekauka kama mkate wa juzi. Nilibadilisha mpira na plagi, basi. Umeweka plagi mpya na silinda bado inamisi (haichomi mafuta)? Hapo pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda.

Koili nunua genuini hata kama ni ya mtumba. Zile za bei chee nilirudi dukani nazo ndani ya miezi miwili.