Kabla hujapanda mbono au kuchimba shimo la biogesi, pima kinachooza hapo kwako

Mleta mada, nimesoma uzi wako mara mbili nisije nikakujibu hewani. Kwa waliochelewa: mkuu ana ekari 20 Handeni alizoachiwa na mzee wake, ng'ombe wa asili 25 wanaochungwa mchana na kulala zizini usiku, na mashine ya kupukuchua mahindi anayoikodisha vijijini wakati wa mavuno. Kuna jamaa anataka kumuuzia miche ya mbono (jatrofa, mti wa mbegu zenye mafuta), anamwambia nishati ya mimea ndiyo biashara ya miaka kumi ijayo. Anauliza ashike lipi: mbono, biogesi (gesi ya samadi) au mkaa mbadala (wa kushindilia taka za mimea).

Yote matatu nimeyapitia, na mawili kati yake yamenila hela.

Nianze na mbono maana ndiyo yenye haraka. Usimpe huyo jamaa hata mia.

Kwetu Arumeru mbono kaburi ni mti wa uzio tangu enzi za mababu. Mbuzi hawaugusi kwa sababu una sumu, ndiyo maana wazee waliupanda kuzunguka mashamba na makaburi. Mwaka 2007 wakaja watu na fulana na vipeperushi: dizeli inaota mtini, haitaki maji, haitaki mbolea, ardhi mbovu ndiyo inaipenda. Na kiukweli wakati ule ungewaamini, mafuta duniani yalikuwa yanapanda kila ukiwasha redio, hadi Julai 2008 pipa likavuka dola 140. Baba mdogo akatoa ekari mbili za mahindi. Tukapanda.

Ni kweli mbono haufi kwa ukame. Ila kutokufa ni jambo moja na kuzaa ni jambo lingine. Mti uliokosa maji unakaa tu pale, majani matano, unakuangalia. Ile iliyozaa nayo ilikuwa na kasheshe yake: kwenye kichala kimoja unakuta tunda la kijani, la njano na lililokauka jeusi. Huwezi kuvuna mara moja ukamaliza. Unarudi mti uleule wiki baada ya wiki, halafu ukae chini kumenya kwa vidole. Mimi na wadogo zangu wawili tulikuwa tunapata debe moja na kidogo kwa siku nzima. Ukikamua kwa mashine ya mkono unahitaji kilo nne mpaka tano za mbegu upate lita moja ya mafuta. Piga hesabu ya vibarua hapo, hata kama vibarua wenyewe ni watoto wako.

Desemba 2008 pipa likashuka chini ya dola 40. Msimu uliofuata simu ya mnunuzi ikawa haipatikani. Magunia yetu yakalala stoo mpaka mama akaamua kuyatengenezea sabuni. Sabuni ilikuwa nzuri, siwezi kuikosea, lakini hakuna aliyeng'oa mahindi kwa ajili ya sabuni. Na sisi tulipoteza ekari mbili tu. Kisarawe na Kilwa yalikuwepo mashamba ya mbono ya maelfu ya hekta, ardhi ya vijiji, nayo yalisimama ndani ya miaka michache.

Kama unataka mbono upande uzio, bure, kwa vijiti vya jirani. Basi.

Sasa biogesi. Hapa nitaongea kidogo zaidi maana ndiyo imenilea. Programu ya taifa ya biogesi ya majumbani ilianza mwaka 2009 chini ya CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini pale Arusha, ingawa CAMARTEC wenyewe walikuwa wanajenga mitambo hiyo tangu miaka ya 1980. Walikuwa wanatafuta waashi, mimi nikawa mmoja wao. Kuba tunalolijenga linakaa chini ya ardhi kama chungu kilichofunikwa. Upande mmoja kuna pipa la kuchanganyia samadi na maji, upande wa pili tope lililokwisha kuoza linatokea. Ndani hakuna hewa, vijidudu vinakula, gesi inapanda juu ya kuba na kulisukuma tope, na tope likirudi ndiyo presha inayoipeleka gesi jikoni. Hakuna pampu, hakuna umeme. Siri ya ufundi iko kwenye lipu ya ndani na kwenye pete mbili za chini ya kuba: moja tunaijenga dhaifu makusudi ili nyufa zinazotoka chini ziishie hapo, na juu yake inakaa pete imara yenye nondo. Fundi akipuuza hizo pete, ufa unapanda hadi penye gesi, na hapo umezika saruji yako.

Mtambo wa mita za ujazo 6 unataka chakula chake kila siku: samadi mbichi ndoo mbili za lita 20, na maji ndoo mbili. Kilo moja ya samadi hutoa kama lita 40 za gesi, na jiko moja hula kama lita 400 kwa saa. Kwa hiyo ndoo zako mbili zinakupa karibu saa nne za moto kwa siku. Chai ya asubuhi, ugali, mboga, maji ya kuoga, inatosha. Makande na maharage, hapana. Wakina mama wengi niliowajengea walibakiza mafiga nje kwa ajili ya maharage, na siwalaumu, maana saa tatu za moto kwenye sufuria moja ni karibu gesi yote ya siku.

Mwaka 2014 nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Machame, mwalimu mstaafu. "Fundi, mtambo wako umekufa." Alisema *wako*, hivyo nikajua kuna lawama. Nikabeba spana, mpira na sabuni ya unga, nikapanda Coaster. Nimefika, shikamoo mzee, marahaba, hakuna hata karibu chai. Nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio kuanzia vali kubwa mpaka jikoni. Hakuna hata kipovu kimoja kilichotoka. Nikaangalia bomba kama lina maji ndani, maana bomba likilegea katikati maji yanajikusanya na moto unaanza kukohoa. Safi. Nikafungua mfuniko wa kutokea tope, nikakuta gamba kavu la kukanyagika.

Nikamuuliza bibi aliyekuwa anapita na majani: "Mama, ng'ombe wako wapi?"

"Mmoja tuliuza Januari, ada. Mwingine ameondoka na ndigana, ugonjwa wa kupe." Amebaki ndama. Na yule kijana aliyekuwa akibeba ndoo za samadi yuko bweni Tanga.

Mtambo ulikuwa mzima kuliko mimi. Mzee aliponiona nimesimama nje ya banda bila kusema kitu, akacheka, chai ikaja.

Nimekusimulia hilo kwa sababu mitambo niliyoikuta imekufa kwa ujenzi mbovu naweza kuihesabu kwa vidole. Mingi imekufa kwa njaa: ng'ombe wameuzwa, maji yamekatika, au mbeba ndoo ameondoka. Na hakuna semina hata moja niliyokaa ambapo mtu aliuliza nani atabeba ndoo. Wanaume tunasaini mkataba, ndoo wanabeba wengine.

Kwako Handeni hesabu iko hivi. Ng'ombe wa asili anayelala zizini anakuachia kilo tatu au nne za usiku, kwa ng'ombe 25 samadi unayo ya kutosha hata mtambo wa mita 9. Ila imekanyagwa kwenye vumbi. Mchanga ukiingia unakaa chini ya mtambo na hautoki, na baada ya miaka michache nusu ya chungu chako ni mchanga. Kwa hiyo sakafu ya zege kwanza. Pili maji: ndoo tatu nne kila siku, Septemba, Handeni. Unayo? Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji ukiujengea mfereji, lakini tena tunarudi kwenye sakafu. Tatu, kiangazi mifugo ikihamishwa kufuata malisho, mtambo unabaki na nani? Ukiweza kujibu hayo matatu, jenga wa nyumbani, na lile tope la mwisho litakulipa kwenye mahindi. Biashara ya kuuza gesi usiifikirie.

Wadau waliotaja Brazili na Ulaya kama mifano ya nishati ya mimea, hata hapa jirani kuna mifano mizuri, ila iangalieni vizuri. TPC, kiwanda cha sukari kule Arusha Chini, wanachoma makapi ya miwa yao wenyewe, wanaendesha kiwanda na umeme wa ziada wanawauzia TANESCO. Njombe, kampuni ya TANWAT wanachoma mabaki ya miti ya miwati baada ya kutoa magome yanayotumika kusindika ngozi, hadithi ni hiyohiyo. Malawi wanachanganya ethanoli (spiriti) kwenye petroli tangu 1982, inayotokana na molasi ya kiwanda cha sukari Dwangwa. Hale, Korogwe, ambako si mbali na wewe, waliweka mtambo wa gesi wa kulishwa taka za mkonge. Mkonge ukipita kwenye korona, mashine ya kutoa singa (nyuzi), katika kila kilo 100 za jani singa ni kama nne tu, zilizobaki ni maji na makapi. Hakuna hata mmoja hapo aliyepanda kitu kwa ajili ya kukichoma. Taka ilikuwa tayari imeshafika getini kwa gharama ya sukari, ya magome au ya singa. Sisi wa mbono tulilima, tukapalilia, tukavuna na kusomba, halafu tukataka kushindana bei na dizeli.

Mkaa mbadala ndiyo ulionila mara ya pili, na hapa kosa lilikuwa langu mwenyewe. Mwaka 2016 nilinunua mashine ya kushindilia nikaiweka karibu na mashine za mpunga upande wa chini wa Moshi. Pumba za mpunga zilikuwa mlima, zinachomwa usiku bure. Miezi mitatu nilibeba bure. Mwezi wa nne mwenye mashine akaniona napakia Canter, akanitajia bei ya gunia. Baadaye wafuga kuku na wachoma matofali nao wakataka. Taka ni ya bure mpaka siku utakapokwenda na viroba.

Na pumba zenyewe, wakuu, zina majivu mengi mno, karibu moja ya tano ya uzito. Mama lishe mmoja wa stendi, mteja wangu mzuri, alinirudishia kiroba akaniambia, "Baba, huu mkaa wako ukizima utadhani nimechoma daftari." Vipande vinabaki na umbo lilelile, vyeupe, moto umeshakwisha. Halafu masika ikanikuta na karibu tani moja mbichi chini ya turubai. Ukiunganisha kwa uji wa muhogo na jua likakosekana siku nne, unaota ukungu. Nilimwaga kwenye migomba.

Lakini wewe una kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Mashine ya kupukuchua ni yako. Magunzi yanadondokea miguuni pako, kila gunia la kilo 100 za mahindi linaacha kama kilo 20 za magunzi, na gunzi lina majivu kidogo sana ukilinganisha na pumba. Toboa pipa la lita 200, choma magunzi humo kwa kuyanyima hewa, utabaki na kama robo ya uzito kuwa mkaa. Saga, uji wa muhogo, shindilia, anika. Msimu wa kwanza usinunue mashine, tumia kipande cha bomba na mti wa kushindilia. Tatizo lako litakuwa moja: magunzi ni ya msimu na watu wanapika kila siku, kwa hiyo utahitaji banda kavu la kuyatunza. Na uliza kwanza vijijini, maana pengine wenye mahindi wanayategemea kwa kuni, hapo usiwanyang'anye.

Soko litafute shuleni. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa wa miti, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo. Shule ya bweni inayolisha watoto 400 haitaki vipande vizuri vya supamaketi, inataka kiroba kinachofika Jumatatu bila kukosa. Nenda na viroba viwili vya bure, mkae na mpishi, si mkuu wa shule. Mpishi ndiye atakayekwambia kama maharage yameiva.

Kabla ya yote, chukua daftari na mizani ya kuning'iniza. Wiki mbili, kila asubuhi pima samadi inayookoteka bila mchanga, na maji yanayobaki baada ya watu na mifugo kunywa. Msimu wa kupukuchua pima magunzi ya siku moja. Ziweke hizo namba hapa tuzijadili, nitakuchorea na vipimo vya pipa.

Kuna mdau aliuliza samadi ya kuku. Inatoa gesi nyingi kuliko ya ng'ombe kilo kwa kilo, ila ina amonia kali, na yale maranda ya bandani hayaozi, yanaelea juu na kuganda mpaka yazibe. Anza na ya ng'ombe mwezi mzima, halafu ongeza ya kuku kidogo kidogo, iliyochekechwa. Na gesi ya kwanzakwanza iachie iende nje, usiwashe kiberiti karibu. Ina hewa ndani yake, na kwa muda fulani itakuwa haiwaki kabisa, usije ukadhani fundi amekuibia.