Amekopa kikoba bila kunishirikisha

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mtumishi. Ofisi yetu ilihamia Dodoma nami nikahama nayo, nimepanga eneo la Kisasa. Mke na watoto watatu wako Mbagala, Dar es Salaam. Kila mwezi natuma hela. Mwezi wa tano mke wangu amekopa laki nane kwenye kikoba akaezeka upya chumba cha watoto, hata hakunishirikisha. Aliwahi kunitumia picha za bati linavuja, nikamwambia asubiri. Siku hizi nikimpigia ananijibu 'sawa' tu. Nahisi amepata mtu. Nafikiria kuiuza hiyo nyumba nijenge huku. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Kukaa mbali na wanao si kazi nyepesi, pole. Pole yangu imeishia hapo.

Unasema hakukushirikisha, halafu mstari unaofuata unakiri alikutumia picha. Sasa ulitaka akushirikishe vipi tena? Na ulimwambia asubiri mpaka lini? Hapo barua yako imekaa kimya, ndipo ninapoitilia shaka. Dodoma mvua ikifika Aprili inaaga, nawe umesahau masika ya pwani yanavyopiga mpaka Mei. Wewe unasema subiri, mwenzio anaamka saa nane usiku kumwaga ndoo na kuburuta godoro la watoto kwenye kona iliyobaki kavu. Alipochoka kukungoja akaenda kwa wanawake wenzake wa kikoba. Huyo "mtu" unayemhisi ni hao.

Niko upande wa mkeo, wala sifichi. Hiyo "sawa" yake ni ya mtu aliyeeleza mpaka akachoka.

Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, barua za namna hii hazinikauki. Ndoa za siku hizi zimeifanya simu dirisha la kutumia hela: muamala umeingia, "nimepata", basi, mpaka mwisho wa mwezi mwingine. Zamani baba aliye mbali alipata barua moja kwa mwezi, akaijibu jambo kwa jambo: ada, shamba, mgonjwa, mbuzi aliyepotea. Leo mnaonana uso kwa uso kwenye kioo cha simu na hamjui kwenu kunavuja!

Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini fundi ana simu. Ungempigia mwenyewe, apande juu awashe video, mkeo akiwa pale chini, mkahesabu bati wote watatu na kukubaliana zipi za sasa, zipi za mwezi ujao. Pengine msingefika laki nane.

Habari ya kuuza nyumba iache kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzio, hata kama imeandikwa jina lako.

Treni ya umeme inafika Dodoma tangu 2024. Ijumaa ukitoka kazini panda, usiku huohuo uko Dar. Simu yake usiiguse. Ingia chumba cha watoto, tazama juu, mshukuru. Kisha mchague usiku mmoja wa kila wiki, watoto wakilala, mzungumze mambo ya nyumba tu, na kila jambo lipate mwenyewe wa kulishughulikia.

Rejesho la kikoba la wiki hii lipa wewe.