Muulize Ami: Mkunga wa Wete anataka kwenda Juba

Asalaam aleykum Ami. Mie ni mkunga, nafanya kazi hospitali moja huku Pemba mwaka wa tisa huu. Kuna mtu kapita anasema UN inatafuta raia wa kawaida, si wanajeshi, waende Sudan Kusini kusaidia nchi isimame, na kila anaetaka kwenda atoe laki tatu za fomu. Mume wangu anasema huko ni mabunduki tu, na mama yeye kaniuliza, kwani hapa kwetu wazazi wameisha? Hilo la mama ndo linanikosesha usingizi. Niende nisende?
Mkunga, Wete

Waaleykum salaam mwanangu. Kwanza hizo laki tatu usitoe hata shilingi, UN haimtozi mtu pesa hatua yoyote, si fomu si intavyuu si treningi, na huyo bwana akikwambia ni za kuharakisha basi mripoti polisi, na sheha wenu mwambieni asije akawala na wengine. Njia ya kweli ipo na haina dalali. Inaitwa UNV, mavolontia wa Umoja wa Mataifa, ilianzishwa 1970 na makao yake makuu yapo Bonn, Ujerumani, unajiandikisha weye mwenyewe kwenye tovuti yao hata kwa simu. Mshahara hakuna, kuna posho ya kujikimu na bima, kwa hiyo kama hesabu yako ni kujenga nyumba kwa mwaka mmoja, ifute.

Mumeo hakosei moja kwa moja. Juba, mji mkuu wao, ilipigana Disemba 2013 ikapigana tena Julai 2016, na raia hawana kofia ya chuma. Lakini kusema wanakwenda wanajeshi tu hapana. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 9, 2011, na mwaka huohuo Kenya, Uganda na Ethiopia kupitia IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, zikaanza kupeleka watumishi wao wa serikali, karibu 200 kwa jumla, kuna wauguzi na wakunga kama weye, kuna watu wa mipango na wa utawala, mishahara zinalipa serikali zao na posho inalipa Norway. Na hapa ndo penye utamu, kila mgeni akapewa mwenyeji wake, wakaitwa mapacha, wanafanya kazi pamoja kusudi mgeni akiondoka kazi ibaki na mwenyewe.

Linganisha na Timor Mashariki. Watu walipiga kura ya kujitenga na Indonesia Agosti 30, 1999, wanamgambo wakachoma mji mkuu Dili, UN ikaja ikaiendesha nchi yenyewe mpaka Mei 20, 2002. Kazi nzuri ilifanyika, sikatai, lakini wenyeji walilalamika sana kwamba maamuzi wanafanya wageni na wao wanatazama tu, na pale bandarini Dili wakati ule iliegeshwa hoteli inayoelea majini wakilala watu wa UN, na mji nyuma yake umeungua. Hebu jiweke mahala pa kijana wa Dili asie na kazi anaitazama hoteli ile kila jioni, ungewapenda?

Sasa mama. Mie nipo na mama, ila sio kabisa. Hapa Pemba twajua kupokea, pale hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani madaktari wa Kichina wanakuja wanaondoka wanakuja wengine, na faida inayobaki ni yule nesi wetu aliesimama nao chumba cha upasuaji akajifunza. Kwa hiyo kamuulize matroni wako zamu ya usiku ataishika nani. Kama hakuna mtu, subiri kwanza. Kama yupo, omba likizo bila malipo kwa maandishi, usiache kazi, na kabla hujasaini mkataba waulize hao UNV, mwenyeji nitakaefanya nae kazi ni nani na yupo wodi gani. Wakibabaika, usende. Kiarabu chako cha chuoni kisikudanganye, cha Juba ni chengine kabisa, ila Kiswahili utakisikia kwa waliorudi kutoka ukimbizini Kenya na Uganda.

Ami, si wawape Sudan Kusini pesa tu wajijenge wenyewe? Watu wa nini?
Kijana wa Mwanakwerekwe

Pesa wanapewa pia, yakhe. Lakini mapato ya serikali ya Sudan Kusini karibu yote yalikuwa mafuta, na Januari 2012 wakagombana na Khartoum, yaani serikali ya Sudan, kuhusu malipo ya bomba la mafuta linalopita kwao, wakafunga visima wenyewe, hazina ikakauka zaidi ya mwaka. Mkunga aliekuwa analipwa na serikali ya Kenya mshahara wake ulikuwa hautoki kwenye bomba lile.