Kabla hujanunua mashine ya kufyonza tope la sampu

Wafugaji wenzangu wa samaki wa mapambo hapa Dar huniuliza sana swali moja: tope lililojaa kwenye sampu nilitoe kwa mashine gani? Nalipenda swali hili. Anayeuliza hivyo ameshaelewa kwamba tangi linaweza kumeremeta sebuleni huku chini kabatini, kwenye sampu, yaani tangi dogo la kuchujia maji, kinyesi kinaoza na maji yaleyale yanapita juu yake kutwa kucha.

Mimi nafuga tropheus kwenye tangi la lita 400, na sampu yake inabeba lita 100. Tropheus ni samaki wa miambani wa Ziwa Tanganyika. Kazi yao ni kukwangua mwani tangu asubuhi mpaka jioni, na mla majani hutoa kinyesi bila kupumzika. Kinyesi hicho hushuka na maji na kutua pale mwendo unapopungua: chumba cha kwanza, nyuma ya vioo vya kugawia vyumba, na zaidi ya yote chini ya kauri wanamoishi bakteria wanaosafisha maji. Kikioza kinatoa amonia. Na hapa sisi tunaofuga samaki wa Tanganyika tuna sababu ya kuwa wakali kuliko wengine, maana maji yao yana pH (kipimo cha asidi na alkali) ya juu. Kwenye maji ya nyuzi 25 yenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kwa samaki haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8.5 sehemu hiyo inafika kama asilimia 15. Uchafu uleule unaovumiliwa kwenye tangi la guppy unaweza kuua kwenye tangi letu.

Wengine huuliza kwa nini wasitumie mpira wa kawaida, wa kuvuta kwa mdomo na kuachia maji yashuke. Kwa tangi la juu mpira unatosha kabisa, wala sikushauri utumie kitu kingine. Lakini sampu inakaa karibu na sakafu, na maji hayapandi yenyewe kuingia kwenye ndoo iliyo sawa nayo au juu yake. Kama nyumba yako ina ngazi za kushuka uani, pitisha mpira mrefu mlangoni, uelekeze bustanini, umemaliza. Huhitaji kununua chochote. Wengi wetu hatuna bahati hiyo, na hata wenye nayo huona mpira mwembamba unavuta maji na kuliacha tope zito palepale.

Basi tuzungumzie mashine. Ile ya kufyonzea vumbi la zulia iache zuliani. Hewa inayovutwa hupita kwenye mota ili kuipoza, na ikiingia na maji unaweza kupigwa shoti huku mashine ikiungua. Unayoitaka ni ile ya maji na vumbi, yenye pipa chini na mota juu, ndugu wa zile zinazonyonya maji kwenye viti vya magari sehemu za kuoshea. Kariakoo zimejaa, na muuzaji atakuanzia na wati. Usimfuate huko. Wati zinakuambia mashine inakula umeme kiasi gani, hazikuambii inavuta kiasi gani. Kama boksi limeandika nguvu ya mvuto kwa kilopaskali, soma hiyo: kila kPa 1 huinua maji kama sentimeta 10. Mashine ya kPa 16 inaweza kuyainua mita moja na nusu na zaidi, na kutoka sampu hadi mdomo wa pipa si mbali hivyo. Kwa kazi yetu, hata mashine dogo la dukani lina nguvu ya kutosha.

Swali la kwanza kwangu ni pipa. Pipa lililoandikwa lita 30 halibebi maji lita 30, kwa sababu ndani kuna boya linalopanda na kuziba mvuto kabla maji hayajafika kwenye mota. Boya hilo ni lazima liwepo. Fungua kifuniko mbele ya muuzaji, uliguse, uone linapanda na kushuka bila kukwama. Kisha fikiria uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo pipa lenye lita 20 ni kilo 20 ukiacha mashine yenyewe, na utalivuta kwenye sakafu ya marumaru hadi bafuni. Kwa sampu kama yangu naona pipa la lita 15 hadi 20 ndilo linalofaa. Kubwa zaidi ya hapo, nunua tu kama lina kizibo cha kumwagia maji chini kwenye kitako, maana kuinua na kuinamisha pipa lililojaa ni kazi ya watu wawili.

Chagua pipa la plastiki. Ya chuma cha pua yanapendeza dukani, na kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hayana tatizo, lakini ndugu zetu wa Mombasa na Zanzibar wanaofuga samaki wa matumbawe wasiyaguse. Chumvi hupata njia kwenye viungio, skrubu na magurudumu hata pale chuma chenyewe kinapovumilia. Angalia pia chujio. La karatasi na mfuko wa kitambaa ni vya vumbi, hivyo vitoe; kwa maji unaweka sponji peke yake.

Jambo linalonipa shida kuwaelewesha watu ni kasi. Mashine hizi zinavuta maji haraka kuliko macho yako yanavyoweza kufuata, na katika dakika moja unaweza kuwa umelijaza pipa zima, tope likiwa bado limejificha kwenye kona. Ndiyo maana napenda mashine yenye tundu la kupunguzia mvuto kwenye mkono wake. Kama haina, ingiza kipande cha bomba jembamba mbele ya mpira na ukizibe vizuri kwa tepu; utakitumia kama kalamu, ukigusa tope tu na kuacha maji. Kabla ya hapo pitisha tochi kila chumba. Tropheus jike hulea watoto mdomoni, na akiwaachia, baadhi yao huvutwa na maji na kuishia sampuni, ambako wanakua kwa raha. Nimewakuta huko wazima, wanene. Mashine haiwezi kuwatofautisha na uchafu.

Kabla ya kuwasha, zima hita kwanza na uiache ipoe, kwa sababu ikibaki nje ya maji ikiwa inawaka kioo chake kinaweza kupasuka. Kisha zima pampu, na kile kifaa kinachojaza maji chenyewe yanapopungua, kama unacho. Ukikisahau kitaona maji yamepungua na kumimina maji mapya wakati wewe unayatoa, na kwa wenye maji ya chumvi hilo linaharibu kipimo chote cha chumvi. Pampu ikizimwa, maji kidogo ya tangi la juu yatashuka na kujaza sampu, hiyo ni kawaida. Chomoa plagi zenyewe ukutani. Usiseme "umeme umekatika, basi ni salama," maana utarudi mikono yako ikiwa ndani ya maji. Ekstensheni iwe juu ya kiti, na kama nyumba yako haina swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, mwite fundi aifunge kabla ya kufikiria mashine yoyote. Kwa mtu mwenye vifaa vinne vya umeme ndani ya maji, hiyo inatangulia.

Ukimaliza, toa mdomo wa mpira kwenye maji ndipo uzime. Ukizima mdomo huo ukiwa bado majini, maji machafu yaliyomo kwenye mpira yanarudi yote sampuni.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi mashine iliyokwisha kufanya kazi nyingine. Watu hupata ya mtumba kwa bei nzuri kutoka sehemu za kuoshea magari, na ndani ya mpira wake kuna sabuni iliyokauka. Sabuni huharibu matamvua ya samaki hata ikiwa kidogo. Ukiipata kwa bei ya kukataa ni vigumu, chukua, lakini nunua mpira mpya na sponji mpya, na mashine hiyo isitoke tena kwenda kufyonza simenti wala gari la shemeji.

Wenye maji ya chumvi wana hesabu nyingine, kwa kuwa kila lita inayomwagwa ina gharama ya chumvi. Kwao nashauri pampu ndogo ya kuzamishwa iliyofungwa mpira, ikimwaga kwenye soksi ya kuchujia (mfuko wa kitambaa) yenye matundu ya maikroni 200 iliyotundikwa juu ya chumba kingine cha sampu. Tope linabaki kwenye soksi, maji yanarudi. Ni polepole, na soksi inaziba upesi ikabidi kubadilishwa, lakini huna haja ya kutengeneza maji mapya. Hata kwa maji baridi, mwenye sampu ya lita 40 au 50 hahitaji zaidi ya hii.

Usisafishe vyumba vyote siku moja. Mimi natoa tope la chumba cha kwanza na la chini ya kauri upande mmoja, upande wa pili unangoja mabadiliko ya maji yanayofuata. Kauri zenyewe nazisuuza kwenye ndoo ya maji ya tangi, kwa kuwa klorini ya maji ya bomba inaua bakteria tunaowategemea. Maji ya pipani nayamwagia migomba na mchicha. Kisha nafyonza ndoo moja ya maji safi kusuuza mpira, nalifungua pipa, na kuliacha wazi kivulini hadi sponji ikauke.