Muulize Papa Mwalimu: "Bastola ndogo inanipiga teke kuliko kubwa"

SWALI

Papa Mwalimu, jambo. Mimi ni polisi hapa Lubumbashi. Kwa miaka 6 nilibeba ile Browning kubwa ya Kibelgiji na shabaha yangu haikuwa mbaya. Mwaka huu nimepewa bastola ndogo ya milimita 9, ile nyembamba ya kufichwa chini ya koti. Nikiishika, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Nikimaliza shajeri (kasha la risasi) mbili kiganja kinawaka moto, na matundu yote yamekaa chini, upande wa kushoto wa karatasi. Wenzangu wanacheka, eti ni mkono wa mwanamke. Nifanye nini teke lipungue?
P., Kampemba

JIBU

Binti yangu, weka teke pembeni kidogo tuisome karatasi yako. Teke huinua mdomo wa bastola. Haliushushi. Wewe matundu yako yako chini, tena kushoto, na nadhani unatumia mkono wa kulia. Basi aliyeushusha mdomo ni wewe mwenyewe, kabla risasi haijatoka. Mkono umekumbuka maumivu ya risasi iliyopita, ukakutana na teke njiani: ukasukuma mbele na chini, vidole vyote vikabana pamoja na kile cha gashete (kifyatulio), bastola ikavutika kushoto. Una mambo mawili, teke na woga wa teke, na hilo la pili ndilo linaloharibu karatasi.

Hao wanaocheka, wape bastola hiyo hiyo. Nimefundisha wanaume wenye vifundo kama mawe ya mgodini, na kwa bastola ndogo walikuwa wanachimba ardhi mita 5 mbele ya shabaha.

Lakini kiganja hakikudanganyi, teke limeongezeka kweli. Browning uliyoizoea, ile ambayo kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kiliitoa mwaka 1935, ina gramu 900 hivi bila risasi. Hizi nyembamba za leo zina gramu 500 hivi, na risasi ni ile ile. Kichwa cha risasi cha gramu 8 kikitoka kwa mita 350 kwa sekunde, bastola ya gramu 900 inarudi nyuma kwa mita 3 kwa sekunde, ya gramu 500 kwa mita 5 na nusu. Ukipiga hesabu ya nishati inayokufikia mkononi, inakaribia mara mbili. Tena mpini ni mwembamba, kwa hiyo nishati hiyo yote inapitia kipande kidogo cha nyama kati ya gumba na shahada. Ndicho kinachowaka.

Uzito hatuwezi kuuongeza, kwa hiyo tutengeneze mkono. Panda juu ya mpini mpaka ile nyama ya kati ya gumba na shahada ijikunje chini ya mkia wa bastola. Ukishika chini, bastola inapata nafasi ya kubinuka juu ya ngumi yako, kama nyundo iliyoshikwa mwisho wa mpini. Usipande kupita kiasi, wala usipitishe gumba la kushoto nyuma ya bastola. Mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, chuma cha juu, kile kinachoteleza nyuma kila risasi inapotoka, kikarudi na kunichana mistari miwili iliyonyooka kama imechorwa kwa rula. Alama ninayo hadi leo.

Sasa mkono wa kushoto, ambao watu wengi wanauweka kama pambo. Ukishashika kwa mkono wa kulia, tazama ubavu wa kushoto wa mpini: kuna sehemu imebaki wazi. Kisigino cha kiganja cha kushoto kiijaze sehemu hiyo, isionekane tena. Vidole vya kushoto vikumbatie vya kulia chini ya kikingio cha gashete, magumba yote mawili yatazame mbele. Mkono wa kushoto ndio ubane kwa nguvu. Wa kulia ubane kiasi, ili kidole cha gashete kibaki huru. Unajua unavyosonga bukari ya watu kumi: mkono mmoja unakamata sufuria isizunguke, mwingine unaendesha mwiko. Ukizikaza zote mbili sawasawa unachoka kabla unga haujaiva.

Angalia tu gumba la kulia lisiegemee kile kitufe cha ubavuni kinachofungia chuma nyuma. Kwenye bastola ndogo kila kitu kimesogeleana, na gumba likikilalia, shajeri inaisha bila chuma kubaki wazi. Unavuta gashete, kimya.

Kiwiko kisinyooke kabisa, ila kifundo cha mkono kiwe kigumu. Kikilegea, bastola nzima inarudi pamoja na chuma chake, chuma hakifiki mwisho wa safari, na ganda tupu la risasi linabanwa mlangoni linapotokea. Wengi wanailaumu bastola hapo. Mabega yatangulie kiuno kidogo, mguu wa kushoto mbele nusu hatua. Anayesimama ameegemea nyuma anasukumwa na kila risasi.

Kidole kinachoning'inia: omba shajeri yenye kitako kirefu. Ni kipande cha plastiki cha sentimita moja au mbili, na kidole kinapata pa kukaa. Soksi ya mpira juu ya mpini nayo inasaidia, hasa mwezi wa 10 wakati jua la Lubumbashi linatutoa jasho mikononi kabla ya mvua.

Tuje kwenye woga, maana bila kuuondoa hayo yote ni bure. Ukiwa uwanjani, mwombe mwenzako akujazie shajeri, risasi za kweli na za mazoezi zisizo na baruti zikichanganywa bila wewe kujua mpangilio. Vuta gashete. Ikiangukia ile isiyo na baruti, hakuna teke wala mlio, na utaiona bastola ikiinamisha kichwa peke yake kama mbuzi anayekunywa maji. Mara ya kwanza utaona aibu. Mwambie mwenzako aangalie mdomo wa bastola, asiangalie karatasi.

Nyumbani fanya mazoezi makavu, dakika 10 tu. Toa shajeri, vuta chuma nyuma, angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, kwa macho na uiguse kwa kidole, risasi zote zibaki chumba kingine, na ulenge ukuta wa matofali ambao nyuma yake hapaishi mtu. Vuta polepole huku nundu ya mbele ya kulengea ikibaki imetulia.

Na masikio. Mtutu mfupi una mlio mkali, zaidi ya desibeli 150, na nusu ya kile unachokiita teke ni sikio linaloshtuka. Vaa vizibo ndani na vikombe juu yake. Pamba si kinga. Usipige risasi zaidi ya 50 kwa siku moja na bastola hiyo. Kiganja kikianza kuwaka, funga kazi, kwa sababu kuanzia hapo unafundisha mkono kuogopa.

SWALI LA PILI

Mwalimu, Makarov yangu ya kazi, ile bastola ya Kirusi, ni nzito kuliko bastola nyingi ndogo za kisasa, na risasi yake ni dhaifu kuliko ile ya Parabellum inayotumika kwenye Browning. Mbona inauma?
Askari wa Likasi

JIBU

Ni jinsi ilivyoundwa, kaka. Katika Browning, mtutu na chuma cha juu vinarudi vikiwa vimefungana, kisha vinaachana, na teke linatawanyika njiani. Katika Makarov mtutu umekazwa kwenye mwili, hausogei. Kinachozuia chuma kisifunguke mapema ni uzito wake na springi ngumu tu, basi kinarudi kwa kasi na kugonga mwisho. Ndiyo maana gramu zake 730 hazikusaidii kama ulivyotegemea. Mshiko ni ule ule niliomweleza dada hapo juu. Na ikiwa springi haijabadilishwa tangu ulipopewa, ipeleke kwa fundi wa silaha wa kikosi aipime, kwa sababu springi iliyochoka huacha chuma kigonge kwa nguvu zaidi.