MUULIZE FUNDI: Usukani wa miguu mitatu mbona mzito hivi?

Fundi habari za kazi. Pikipiki yangu ya kawaida nimeifunga ekseli ya nyuma yenye matairi mawili, sasa ina miguu mitatu, inabeba vizuri na haianguki, tatizo ni kona. Nikikata kona ni kama nagombana na ng'ombe, nikifika mwisho wa safari mabega yamekufa. Jamaa yangu ananishauri nikate shingo ya fremu (pale usukani unapochomekwa) nilaze foki, yaani zile shokapu mbili za mbele, kama zile pikipiki za choper zenye mbele ndefu, eti usukani utalainika. Nikate?

Usikate! Weka hiyo grainda chini kwanza tuongee.

Pikipiki ya miguu miwili huwa haukati kona kwa kuzungusha usukani tu, unailaza, na tairi likishalala lenyewe linakusaidia kukata. Ukitaka kwenda kulia ukiwa kwenye mwendo unasukuma mkono wa kulia mbele kidogo, pikipiki inalala kulia, inaenda. Wengi tunafanya hivyo bila hata kujua tunafanya. Sasa ukishaifunga matairi mawili nyuma hailali tena, na ukisukuma ule mkono wa kulia inakwenda kushoto, ndio maana siku ya kwanza kila mtu anataka kuingia mtaroni (mimi niliingia kwenye ua wa jirani, tuliache hilo). Inabidi uzungushe usukani kwa nguvu za mikono kama gari la zamani lisilo na pawa, wakati mbele yako bado ni mbele ya pikipiki iliyotengenezwa kulala.

Kinachokuumiza mabega kinaitwa treili, sio trela la kuvuta mizigo, treili. Chukulia umechomeka fimbo iliyonyooka katikati ya shingo ya fremu, ifuate mwelekeo wa shingo mpaka igonge ardhi mbele. Halafu angusha kamba yenye kitu kizito kutoka katikati ya ekseli ya tairi la mbele mpaka chini. Kamba itagusa nyuma ya pale fimbo ilipogonga, na huo umbali kati ya alama mbili ndio treili. Angalia kijigurudumu cha kiti cha ofisini, kimekaa nyuma ya pini yake kwa hiyo popote unapokisukuma kinajinyoosha chenyewe, na tairi lako la mbele lina tabia hiyohiyo. Treili ikiwa ndefu tairi linang'ang'ania kunyooka, kwa miguu miwili ni raha maana inatulia barabarani, ila kwa miguu mitatu kila kona unashindana nalo kwa mikono yako miwili.

Hesabu kidogo usikimbie. Chukua tairi lenye nusu kipenyo cha milimita 300, shingo imelala digrii 27 kutoka wima, na ekseli imekaa milimita 35 mbele ya mstari wa shingo. Treili inatoka kama milimita 114, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa pikipiki, hata Honda Gold Wing ya GL1800 ina 109. Sasa huyo jamaa yako anataka ukate shingo uilaze mpaka digrii 32. Piga hesabu tena, treili inapanda mpaka 146! Yaani utachomelea, utapaka rangi, utapiga picha, halafu usukani utakuwa mzito kuliko ulivyouacha.

Dawa inafanana kwa macho lakini matokeo ni kinyume. Shingo unaiacha kama ilivyo, unachobadilisha ni vile vibamba viwili, cha juu na cha chini, vinavyoshika shokapu za mbele. Vipo vinavyotengenezwa maalumu kwa miguu mitatu, matundu yake yamechongwa kwa kuinamia digrii 4, 5 au 6 hivi, kwa hiyo shokapu zinalala zaidi ila mstari wa shingo haujaguswa. Tairi linasogea mbele na treili inapungua. Kwenye mfano wetu, kama kutoka kwenye shingo mpaka ekseli ni milimita 600, digrii 5 zinasogeza ekseli mbele kwa milimita 52 na treili inashuka mpaka kama 55. Nusu! Na nguvu ya mikono kwenye kona inapungua karibu kwa kiasi hicho, maana kinachokurudishia usukani mkononi ni ule msukumo wa pembeni wa tairi ukizidishwa na treili. Wenye vigari vya pembeni walishalijua hili zamani, BMW za miaka ya 1950 zenye foki ya Earles zilikuwa na sehemu mbili za kufungia mkono wa mbele, moja ya kuendesha peke yake na nyingine ya kuvuta kigari, kazi yake ni hiyohiyo ya kupunguza treili.

Ukipunguza mno nayo ni kesi nyingine. Treili ikikaribia sifuri usukani unakuwa mlaini kama siagi halafu kwenye mwendo mdogo unaanza kutikisika wenyewe kushoto kulia. Hapo ndio watu wanafunga dampa ya usukani, kifaa cha kuutuliza usioyumbe. Ukiifunga anza ukiwa umeilegeza kabisa, kaza kidogo kidogo mpaka mtikisiko uishe na usiongeze hata mguso mmoja baada ya hapo, maana ukiikaza sana umeurudisha uzito uleule uliotoka kuulipia fundi.

Na wewe unayesema si nishushe tu mbele kwa kupandisha shokapu kwenye vibamba, inasaidia lakini kiduchu. Pikipiki yenye milimita 1500 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, ukishusha mbele milimita 26 umepata digrii moja, na digrii moja ni kama milimita 6 za treili. Hutaisikia.

Kabla hujanunua chochote lakini, inua tairi la mbele lisiguse chini halafu usukume usukani kidogo kwa kidole. Unatakiwa udondoke wenyewe mpaka mwisho kila upande. Ukikwama katikati au ukienda kwa kushtuka shtuka beringi za shingo zimeliwa au nati imekazwa kupita kiasi, na hapo hakuna vibamba vitakavyokuokoa. Pima na upepo wa tairi la mbele, tairi lenye upepo mdogo linafanya usukani uwe mzito balaa na watu wanasingizia treili ya watu.

Halafu ukishafunga vibamba vipya zungusha usukani mpaka mwisho pande zote ukiangalia mpira wa breki na waya wa klachi. Tairi limesogea mbele, mpira ule wa zamani unaweza usifike. Mimi wangu ulivutika kama uzi wa gitaa, bahati nzuri niliuona nikiwa bado nimeegesha.

Mwanangu fundi, mimi mama mtu mzima, yangu imetoka kiwandani hivyohivyo na miguu mitatu. Usukani sio mzito ila nikipita shimo inanitikisa kushoto kulia na viganja vinakufa ganzi.

Shikamoo mama. Hapo shida yako iko nyuma, mbele hapana neno. Miguu miwili ikipita shimo inaruka juu na chini, ila ya miguu mitatu tairi moja la nyuma likiingia shimoni mwili wote unayumba pembeni, na kwa kuwa umeshika usukani unajikuta unauzungusha bila kutaka, yaani wewe mwenyewe ndio unayeitikisa mbele. Waambie walegeze springi za nyuma hatua moja au mbili kama zina sehemu ya kurekebisha, na utafute kiti chenye egemeo la mgongo, ili mwili ushikwe na kiti badala ya mikono. Usukani usogezwe nyuma mpaka viwiko vikunjike kidogo hata ukiwa umekata kona yote, mkono ukinyooka kabisa umeshajining'iniza. Ila usikubali wakuwekee usukani mpana sana, ni kweli unapunguza nguvu lakini kwenye kona kali ule mkono wa nje hautafika. Viganja vishike kama umeshika yai mama, ganzi nyingi inatokana na kukaba.

Oya fundi, yangu nikivuta mafuta inaenda kushoto nikiachia inarudi kulia, ni treili?

Hapana kaka, inaelekea ni tairi la nyuma la kulia peke yake ndilo linalosukumwa na injini. Likisukuma linakupeleka kushoto, ukiachia mafuta injini inalishika linakuvuta kulia. Kama imetengenezwa hivyo ndio maumbile yake, dawa ni ekseli yenye difu, zile gia zinazogawa nguvu ya injini kwa matairi yote mawili. Kama tayari ina difu, chukua futi upime kutoka kwenye shingo mpaka kila mwisho wa ekseli ya nyuma, vipimo vikipishana ekseli imekaa upande na ukaze upya bolti zake zote. Na ikivuta upande mmoja muda wote bila kujali mafuta gusa rimu za nyuma ukishatoka safari, ya moto kuliko mwenzake ndiyo yenye breki inayobana, ila gusa kwa uangalifu usije ukatuandikia tena kuhusu kidole.