Waliodaiwa mabilioni wakalipa kidogo: je, na mimi ninyamaze?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Kahama. Wiki mbili zilizopita nilipokea notisi ya makadirio kutoka TRA: kodi milioni 36, na juu yake riba na adhabu milioni 18. Walichukua pesa zote zilizoingia kwenye akaunti yangu kwa miaka mitatu wakaziita mauzo. Kuna jamaa hapa mjini, ofisi hana ila anajuana na watu, ameniambia nisihangaike kupinga. Anasema Acacia, wale wa migodi ya dhahabu, walidaiwa kodi dola bilioni 190 wakaishia kulipa milioni 300, na kampuni ya simu ya MTN kule Nigeria ikawa hivyo hivyo. Kwa hiyo ninyamaze, nimpe milioni 2, deni atalishusha. Ni kweli hushuka namna hiyo? Na zile bilioni 190 zilikwenda wapi? Wazee wa huku bado wanaziulizia.
Msomaji, Kahama

JIBU: Marahaba. Huyo jamaa usimpe hata nauli ya bodaboda. Na kabla hujaendelea kusoma, itoe hiyo notisi uangalie tarehe uliyoipokea, maana siku zako zinahesabika.

Naanza na swali la pili, kwa sababu ndilo linalompa huyo bwana riziki. Nimeulizwa "nani alizila?" dukani, msibani, hata kwenye foleni ya benki, na kila nikijibu naonekana natetea wazungu. Hakuna aliyezila, kwa kuwa hazikuwahi kuingia mfukoni mwa mtu yeyote. Zilikuwa makadirio ya kodi yaliyoandikwa kwenye karatasi kama hiyo uliyonayo wewe, tofauti ni sifuri tu.

Machi 2017 serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje makinikia, yaani ule mchanga wa madini ambao haujachenjuliwa ukaisha, na makontena 277 yakakwama Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma ikapima sampuli na kutangaza kwamba kila kontena lina wastani wa kilo 28 za dhahabu, mara kadhaa ya kilichokuwa kikitangazwa. Kamati ya Profesa Osoro ikapiga hesabu za kurudi nyuma hadi 1998. Julai mwaka huo huo zikaja notisi za TRA: mgodi wa Bulyanhulu kuanzia 2000, mgodi wa Buzwagi kuanzia 2007, kodi takriban dola bilioni 40, riba na adhabu takriban bilioni 150. Acacia, ambayo mapema mwezi huo ilikuwa imeshafungua shauri la usuluhishi, ikazikana namba hizo zote.

Sasa tazama muundo wake. Karibu sehemu nne kati ya tano za deni lile hazikuwa kodi. Zilikuwa riba inayozaa riba kila mwezi kwa miaka kumi na saba, pamoja na adhabu, vyote vimekalia ile bilioni 40. Na hiyo bilioni 40 nayo imekalia dhana moja: kwamba kiwango cha dhahabu kilichopatikana kwenye yale makontena ndicho kilichokuwamo kwenye shehena zote za miaka iliyotangulia. Mstari wa kwanza ukiyumba, hakuna kinachobaki juu yake. Pato la taifa letu mwaka ule lilikuwa dola bilioni 50 na ushee. Acacia yenyewe, mmiliki wake mkuu Barrick alipowanunua wanahisa wadogo mwaka 2019, ilithaminiwa yote kwa takriban dola bilioni 1.2. Kampuni ya bilioni 1.2 inalipaje bilioni 190? Ungeuza migodi, mitambo, magari na viti vya ofisini, usingeifikia hata asilimia moja.

Lakini huku mitaani watu walishagawana. Waligawanya bilioni 190 kwa idadi ya Watanzania, wakapata zaidi ya dola 3,000 kwa kichwa, na mzaha wa kila mtu na gari lake la Noah ukaenea nchi nzima. Ulikuwa mzaha mzuri, nami niliucheka. Kilichonikera ni kuona watu wazima wakiufanya bajeti, na kila aliyeuliza swali la kihesabu akiitwa msaliti.

Huko Usukumani mnajua barua ya kujibu posa inavyoandikwa. Ukoo unaweza kutaja ng'ombe arobaini, na hakuna mjomba anayekwenda kujenga zizi la ng'ombe arobaini siku hiyo. Wanasubiri mshenga arudi. Tulichofanya mwaka 2017 ni kujenga zizi.

Mshenga alirudi Oktoba 2017, makubaliano ya awali yakatangazwa. Ya mwisho yakasainiwa Januari 2020. Dola milioni 300 za kumaliza madai ya kodi, ambazo milioni 100 za kwanza zililipwa Mei 2020 na nyingine zikapangiwa awamu. Serikali ikapata hisa asilimia 16 za migodi, ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, na kukawekwa kanuni ya kugawana faida za kiuchumi nusu kwa nusu. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa umeshapandishwa na sheria ya 2017 kutoka asilimia 4 hadi 6. Unaweza kubisha kwamba tulipata kidogo, na hoja unazo. Mimi naona hisa na mrabaha vina thamani kuliko ile ndoto. Lawama yangu kwa wakubwa ni moja: namba ilitangazwa kwa kishindo, ikaondoka kwa kunyata. Mwananchi hakukalishwa chini akaonyeshwa jinsi bilioni 190 ilivyogeuka bilioni 0.3, kwa hiyo akajaza pengo mwenyewe, na pengo hilo ndilo vishoka kama huyo jamaa yako wanaloishi ndani yake.

Kuhusu MTN, huyo jamaa yako hata hajui anachokisema. Ile ilikuwa faini hasa, yenye fomula ndani ya kanuni: naira 200,000 kwa kila laini ambayo haikusajiliwa ipasavyo na haikufungwa kwa wakati. Laini milioni 5.2, zidisha, unapata naira trilioni 1.04, wakati huo dola bilioni 5.2. Ilitolewa Oktoba 2015. Desemba ikapunguzwa hadi bilioni 780. Juni 2016 wakakubaliana bilioni 330 kwa awamu, na wakamaliza kulipa mwaka 2019. Kati ya hapo mkuu wa kampuni alijiuzulu, kesi ikafunguliwa kisha ikaondolewa, naira bilioni 50 zikatangulizwa ili kuonyesha nia njema, na kampuni ikakubali kuorodhesha hisa zake kwenye soko la Lagos. Huko ndiko kunyamaza? Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyenyamaza. Wote walijibu kwa maandishi, kwa wakati, wakiwa na mawakili na wahasibu wanaolipwa kwa saa.

Chad nako mahakama iliitoza Exxon na wenzake dola bilioni 74 mwaka 2016, mara kadhaa ya pato la nchi nzima. Mwaka uliofuata wakapatana. Huko pia kilichoishusha namba ni mazungumzo, wala si ukimya.

Turudi kwenye notisi yako. Una siku 30 tangu siku uliyoipokea kuwasilisha pingamizi la maandishi kwa Kamishna Mkuu, na wiki mbili zimeshaliwa. Pingamizi halipokelewi mikono mitupu: unalipa ile sehemu ya kodi usiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, yoyote iliyo kubwa. Kwa milioni 36 hiyo ni milioni 12. Huna? Sheria inakuruhusu kumwomba Kamishna apunguze au aondoe sharti hilo, lakini unaomba kwa barua yenye sababu na ushahidi, ndani ya muda huo huo.

Hoja yako naiona tangu hapa na naiona ni nzuri. Pesa kuingia benki si lazima iwe mauzo. Toa taarifa ya benki ya miaka yote mitatu, chukua kalamu ya rangi, weka alama kila muamala usio wa mauzo: mkopo, zamu yako ya kikoba, hela ya mwenzako uliyompokelea akiagiza mzigo, fedha ulizohamisha mwenyewe kutoka simu kwenda benki zikahesabiwa mara mbili. Kila alama iwe na karatasi nyuma yake: mkataba wa mkopo, daftari la kikundi, barua ya huyo mwenzako. Kodi ya msingi ikishuka, riba na adhabu zinashuka nayo bila kumbembeleza mtu. Kamishna akikataa, ipo Bodi ya Rufani za Kodi, juu yake Baraza, juu yake Mahakama ya Rufani.

Ukinyamaza, siku 30 zikapita, makadirio yanasimama kama yalivyo. Riba inaendelea kujilimbikiza kila mwezi, na TRA wanaweza kuiagiza benki yako iwalipe moja kwa moja kutoka akaunti yako. Wateja wa namna hiyo wananijia kila mara, wameshamlipa kishoka, notisi imeshaiva, na kishoka hapokei simu. Hapo wakili naye hana miujiza.

Atakuambia mbona 2018 watu walisamehewa. Ndiyo. Ule ulikuwa msamaha wa kisheria, wenye dirisha na tarehe ya mwisho, na uliondoa riba na adhabu kwa walioomba na kukubali kulipa kodi ya msingi. Haukutolewa na mtu mwenye rafiki ofisini. Milioni 2 anazokutaka zina jina lake kwenye sheria ya kuzuia rushwa, na jina hilo utalibeba na wewe uliyetoa.

Sasa niwaseme wasomaji wengine, maana Kahama si peke yake. Kila serikali ya Afrika inapoipiga kampuni ya kigeni faini, shangwe huja siku moja na matapeli siku ya pili. Julai 2024 Nigeria iliitoza Meta dola milioni 220 kwa namna WhatsApp ilivyotumia taarifa za watu, na Aprili 2025 baraza la rufaa likaiunga mkono faini hiyo. Nilifurahi, kwa kuwa mdhibiti alifanya uchunguzi, akaandika sababu, na sababu zikasimama mbele ya baraza. Hiyo ndiyo kazi. Lakini faini hulipwa kwa serikali. Hapa kwetu kodi na faini za namna hiyo huishia Mfuko Mkuu wa Hazina, na kutoka humo kwa idhini ya Bunge. Mtumiaji wa WhatsApp kule Kano hapati naira hata moja kutokana na faini hiyo. Akitaka fidia yake, hilo ni dai lake mwenyewe mbele ya chombo kinachohusika.

Wazee wa Kahama wakitaka kuuliza pesa ya mgodi, waache 190 waulize ushuru wa huduma. Huo unakokotolewa kwenye mauzo na unaingia halmashauri, ambako kuna diwani mwenye jina na mlango. Waulize pia mpango wa uwajibikaji kwa jamii ambao sheria inaitaka kampuni ya madini ikubaliane na halmashauri. Maswali hayo hayapigiwi vigelegele, ila yana majibu kwenye mafaili.

Na wanaoshangilia kila hatua kali wajue bili huja pia upande wetu. Baada ya sheria za 2017, leseni za kushikilia maeneo yaliyofanyiwa utafiti zilifutwa. Kampuni tatu zikatushtaki katika usuluhishi wa kimataifa. Winshear tukamlipa dola milioni 30 mwaka 2023. Indiana alishatushinda kwa zaidi ya milioni 100, tukapatana kwa milioni 90 mwaka 2024. Mwishoni mwa mwaka huo Montero, milioni 27. Jumlisha: milioni 147, karibu nusu ya ile 300 ya Barrick. Sikuona mtu akigawanya hizo kwa kichwa.

Kwa hiyo mkiona ujumbe unaosema kampuni fulani imepigwa faini na wananchi wanaandikishwa kupata mgao, leta namba ya NIDA na elfu kumi ya fomu, jueni hakuna fomu. Hakuna daftari la wanufaika TRA, halipo TCRA, halipo Hazina. Elfu kumi yenu imeenda, na namba ya NIDA itatumika kusajili laini ambayo siku moja polisi watakuja kuwauliza ninyi.